Modemu Iliyosubiri Mlio

Kwa miaka kumi na miwili, kitu kikiharibika kwa mama mkwe, aliitwa Fundi Redio. Pasi, pampu, swichi ya bafuni, vyote vilipita mikononi mwake, na kila mara mama mkwe alisema, "Huyu ndiye mwanangu." Neno hilo lilimshibisha.

Kisha shemeji yake mdogo akaolewa na Mtaalamu. Mwanyumba huyo alikuja na simu ya mkononi kiunoni na ulimi wa asali, na "mwanangu" ikahamia kwake. Mla ni mla leo. Mla jana kala nini? Fundi Redio aliona wivu, tena ule wa kumnyima mtu usingizi.

Jumamosi moja waya wa simu ya mezani ulikatika barabarani. Binti kitindamimba, aliyeishi ng'ambo, alikuwa karibu kujifungua, na mama mkwe alitaka barua pepe yake. Mtaalamu akaunganisha simu yake kwa waya na modemu ya kompyuta kuukuu ya sebuleni, akabonyeza. Kompyuta ikagoma: hakuna mlio. Akarudia mara sita, jasho likimtiririka.

Fundi Redio aliujua ugonjwa tangu mara ya kwanza. Simu ya mezani ukiinyanyua hulia tuuu. Ya mkononi hukaa kimya. Modemu ilisubiri mlio usiokuwepo. Ilitaka kuambiwa isisubiri, basi. Lakini alikunja mikono, akajitia hamnazo.

"Waya huu mbovu," Mtaalamu akasema. "Ngoja nikalete mwingine garini."

Alipotoka tu, Fundi Redio akarukia kiti. Akafungua mipangilio, akafuta alama kwenye kisanduku cha kusubiri mlio. Angebonyeza palepale, mambo yakaisha. Lakini ushindi bila shahidi haunogi.

"Mama! Njoo uone!"

Mama mkwe akatoka jikoni taratibu, magoti yake hayapendi haraka. Akafika mlangoni sambamba na Mtaalamu, ambaye alibadilisha waya, akabonyeza. Modemu ikakoroma, ikaunganika, barua pepe ikafunguka.

"Mtoto wa kike!" mama mkwe akapiga kelele, akamkumbatia Mtaalamu. "Mwanangu wee! Kumbe waya tu!" Kisha akageuka. "Na wewe Fundi, ulikuwa unaniitia nini?"

Akisema alichofanya, ataulizwa kwa nini alikaa kimya mara sita zote.

"Nilitaka uone... waya ulivyokuwa mbovu, mama."

"Basi kautupe."

Akautupa, mzima kabisa.