Aliyewaosha Marehemu

Wasiompenda Zihindula husema alikuwa na kalamu ndefu. Mimi niliyekaa naye ukuta kwa ukuta hapa kambi ya Dzaleka, Malawi, miaka tisa nasema kalamu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa macho. Hakuweza kuona kitu akaacha kukitaja.

Kwao Uvira, Kongo, alikuwa mwandishi wa gazeti dogo la kurasa nane. Aliandika habari za kizuizi cha barabarani ambako wakulima wa Fizi walinyang'anywa mihogo yao, akataja mpaka rangi ya kiti alichokalia mkubwa wa kizuizi. Wiki hiyohiyo mlango wake ukavunjwa. Alifika hapa na mkewe Odette na madaftari mawili, basi. Ungedhani mtu wa namna hiyo amejifunza.

Kambini alikaanga mandazi, akajifunza Kiingereza, mwishowe akampata mhariri mmoja wa Lilongwe, mama mkali aliyependa kazi yake. Mkimbizi haruhusiwi kuajiriwa hivihivi, kwa hiyo habari zake zilitoka bila jina. Hakujali. Aliwahi kubeba magunia kwenye ghala moja la tumbaku Kanengo wiki tatu nzima ili aandike vibarua wanavyovuta lile vumbi, akarudi anakohoa usiku na mchana, na Odette akatunyima usingizi sote kwa kumgombeza. Nilimwonea fahari, sikatai.

Kisha akaja Mama Orpa.

Mama Orpa ni mjane wa kanisa letu, na mtaani kwetu yeye ndiye huosha maiti za wanawake. Kazi hiyo hapewi kila mtu. Anaitwa yeye, anafunga mlango, anaosha, anavisha, na aliyoyaona anayaacha humo ndani. Siku moja ya mgao wa chakula, majina yakisomwa kwa kipaza sauti, alisikia jina la Claudette, ambaye tulimzika miezi mitatu nyuma. Kijana asiyemjua alijitokeza, akabeba unga, akaenda zake.

Mama Orpa alikuja moja kwa moja kwa Zihindula. Nilikuwepo, nikinywa chai yao.

"Baba, banasoma majina ya bantu benye balikufa. Claudette mi njo nilimuosha, na hii mikono. Na haiko yeye peke yake."

"Unaweza kunipatia majina yote, Mama?"

"Naweza. Lakini jina yangu isitoke. Dosie yangu ya kuhamia Canada iko mu mikono yao, na Raissa ananingojea kule."

Raissa ni binti yake wa pekee. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na mmoja.

"Jina yako haitatoka, Mama. Naapa."

Akamtajia wanawake tisa. Zihindula akaenda makaburini kusoma misalaba mmojammoja, kisha akalifuata lori la mgao hadi ghala moja Kanengo, akaona unga wetu ukimiminwa kwenye magunia mengine. Kazi safi kabisa. Gazeti likaitoa ukurasa wa kwanza.

Niliisoma kwa kinyozi, Jumanne asubuhi. Nilipofika aya ya nne nikairudia. Iliandikwa: "Mwanamke mmoja, aliyewaosha marehemu hawa tisa kwa mikono yake, aliliambia gazeti hili..." Msomaji wa Area 25, kule Lilongwe, aliona mwanamke mmoja, asiyejulikana. Sisi tulimwona Mama Orpa na kitenge chake na mlango wake. Hapa kambini nusu ya watu hatujui majina yao. Tunajua anayeosha maiti, anayeshona sare za kwaya, anayechaji simu.

Nilimkuta Zihindula ameketi nje, gazeti magotini, anatabasamu.

"Sikumtaja," akasema.

"Umebakiza nini sasa? Namba ya nyumba?"

Tabasamu likamtoka polepole. Mdomo huponza kichwa, lakini wake uliponza kichwa cha mwingine, na mpaka leo hasira yangu haijaisha.

Karani wa orodha ya mgao, aliyeyaacha humo majina ya marehemu, hakufungwa hata siku moja, alihamishwa tu. Ila kabla hajaondoka ilitoka amri ya kusafisha orodha, waliokufa wafutwe, naye ndiye aliyeisafisha. Siku ya mgao uliofuata Mama Orpa alisimama foleni mpaka uwanja ukaisha watu, jina lake halikusomwa. Akaenda dirishani, akaweka kidole gumba kwenye mashine. Binti wa mle ndani akatazama kioo cha kompyuta, kisha akamtazama yeye.

"Huyu amekufa. Imeandikwa."

Tulicheka. Kweli, tulicheka, tukidhani kesho itarekebishwa. Baada ya siku nne Raissa akapiga simu kwa Odette, analia hawezi kusema: kule Canada ameandikiwa kwamba faili limefungwa, apokee pole kwa kufiwa na mama yake. Mama Orpa akaishika simu akawa anambembeleza mwanawe, "Mi niko, mama, mi niko," mpaka salio likaisha.

Mhariri alitaka habari ya pili, safari hii na jina na picha. Zihindula akaenda kuomba ruhusa, akapiga magoti mlangoni.

"Uliniandika bila jina, bakaniua," Mama Orpa akamwambia. "Ukiniandika na jina, batanifanya nini tena?"

Zihindula hakuandika gazetini tena. Sasa ana meza sokoni, anawaandikia watu barua za maombi. Barua ya kwanza ya kila mwezi, kwa ofisi ya orodha, ni ileile: "Mimi, Orpa, niko hai." Mama Orpa anachovya kidole kwenye wino na kutia alama chini. Anakula kwa Zihindula, kwenye mgao wa watu wawili. Barua zimefika kumi na tisa, na hakuna iliyojibiwa.

Mwezi uliopita, akijifuta wino kwa kitenge, alimwambia kwa upole, kama anayemtuma dukani:

"Siku nitakufa ya kweli, we njo utaenda kubaambia. Ile siku, jina yangu uiandike yote."

Zihindula akaitikia kwa kichwa, akakunja barua.