Nyayo za Marietha Ukutani Kwangu

Ukitaka kujua subira yako inaishia wapi, pangisha chumba kwa mtu anayejifunza kusimama kwa mikono. Mimi nimepangisha. Anaitwa Marietha, mama lishe anayeuza wali maharage kando ya Barabara ya Pugu, na chumba chake kiko uani kwangu hapa Kipawa, kikitazamana na ukuta nilioupaka rangi nyeupe kwa ajili ya Pasaka. Rangi ilikauka Alhamisi Kuu. Jumatatu ya Pasaka ukuta ulikuwa na nyayo, zimepanda kutoka chini hadi usawa wa kidevu changu.

Jirani yetu, mama Jabiri, alipoziona aliniuliza kwa sauti ya chini kama nyumba yangu imeingiliwa na wanga, maana kwa akili yake nani mwingine hutembea ukutani. Nikamwambia afadhali wangekuwa wanga. Mwanga hakuamkii shikamoo huku kichwa chake kiko chini.

Chanzo cha yote ni klabu yetu ya jogging, ambayo mimi ni katibu wake. Jumapili alfajiri tunavaa fulana za kijani, tunakimbia mitaani kwa nyimbo, tukirudi uwanjani tunapanga duara la mazoezi ya viungo, kisha tunakunywa supu ya makongoro na kutawanyika, wa misa wakawahi misa ya pili. Sitaficha, wengine wetu tunachokikimbilia ni supu.

Marietha alijiunga mwaka jana baada ya nesi kumwonya kuhusu presha. Goti lake la kushoto likamkatalia mbio. Siku ile ya kwanza alibaki kwenye sufuria na mpishi wetu wa zamani, akaonja, akasema tangawizi imezidi, akakamulia ndimu, akapunguza moto. Kosa likafanyika hapo hapo. Supu ilitoka nzuri mno. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza anataka nini. Sie tukirudi na jasho letu, tunamkuta kainama kwenye moshi, fulana ya klabu iko chini ya aproni.

Alivumilia mpaka mkutano wa klabu, Jumapili ya Pasaka, akasimama.

"Mie nilikuja kwenye mazoezi," alisema. "Kupika napikaga wiki nzima. Naomba na mie niingie kwenye duara."

Jabiri, kapteni wetu, ni fundi pikipiki na mtoto wa yule mama aliyeona wanga. Akamjibu, "Mama, kwenye duara kila mtu anaongoza zoezi lake. Sasa na goti hilo utaongoza nini? Labda usimame kwa mikono."

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, maana ulikuwa utani. Marietha hakucheka.

"Mikono yangu haina goti," alisema, akaketi.

Basi. Kesho yake ukuta wangu ukaingia mateso. Kila alfajiri, kabla hajaenda kuwasha majiko yake, alivaa suruali, akachomekea fulana vizuri asije akatuonyesha tumbo, akatandaza vidole chini na kupandisha miguu ukutani kwa kurudi nyuma. Anakaa hapo anahema. Anashuka. Anapumzika, anapanda tena. Kelele zake si kubwa, lakini ukishazisikia huwezi tena kulala. Aliangukia beseni la mke wangu, likapasuka. Aliangukia mchicha wangu. Kwa mchicha sikunyamaza.

"Marietha, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu lenyewe liko juu, Katibu," alijibu kutoka chini. "Labda shingo."

Nikamtegemea mke wangu, Apolonia, anisaidie. Apolonia akaenda kumshika miguu. "Baba Hope, hebu sogea, unatuzibia mwanga," aliniambia, mimi mwenye ukuta. Nilipolalamika akanipa methali: bandu bandu huisha gogo. Nikamwambia gogo linaloisha hapa ni rangi yangu.

Masika yakapita, yeye yupo. Mkono ulipomuuma alipumzika siku mbili tatu, nikafurahi mapema, akarudi. Mguu mmoja ukaanza kuachia ukuta, ukarudi kwa woga. Halafu yote miwili, kwa muda wa kukohoa. Akajifunza hata kuanguka, anageuka ubavu na kutua kwa miguu, na mchicha wangu ukapata nafasi ya kuota. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na nitasema wazi nilichokiogopa. Huyu akiweza, supu atapika nani?

Ikaja Jumapili ya bonanza, tukawakaribisha wenzetu wa Temeke, klabu kubwa, fulana zao mpya. Marietha alibandika makongoro kabla hatujaanza mbio. Tuliporudi, duara likapangwa, wageni wakaongoza mazoezi yao, sie ya kwetu. Kisha nikamwona anavua aproni. Akanawa mikono kwa sabuni, akaifuta kwenye suruali, akapita katikati ya watu akasimama mbele ya Jabiri.

"Kapteni, zamu yangu."

Jabiri akanitazama mimi. Mimi nikatazama sufuria. Hakukuwa na ukuta pale, na Apolonia alikuwa mbali, ameziba mdomo kwa kanga. Marietha akatandaza vidole kwenye mchanga, akarusha mguu mzima, goti bovu likafuata.

Akasimama. Miguu ikayumba kidogo, vidole vikauma mchanga, ikatulia. Nilimsubiri aanguke, na sioni aibu kusema nilimwombea hilo. Hakuanguka. Aliendelea kusimama pale, uso umemwiva, mpaka mwanamke mmoja wa Temeke akapiga kigelegele. Ndipo akashusha mguu mmoja, akashusha wa pili, polepole, akaanza kupangusa mchanga.

"Haya, wote mikono chini," alisema. "Tunaanza na vidole."

Na watu wazima, Jabiri akiwa wa kwanza, wakainama. Wote isipokuwa mimi, kwa sababu nilikuwa nimesikia sufuria ikichemka na kumwagikia moto. Nilikasirika kweli. Nikaenda pale kwenye moshi kutafuta nani anaiangalia. Hakukuwa na mtu. Nikaokota mwiko ili nimpelekee mwenyewe, nimwambie mbele ya wageni kwamba kila kitu kina mahali pake.

Marietha aliniona kutoka katikati ya duara, akaniita kwa heshima zote.

"Katibu, shikamoo. Chumvi bado haijawekwa. Na usiache kukoroga."