Vitabu vya Kijani na Yatima Mmoja

Kila asubuhi, baada ya kuhesabiwa na kabla kahawa haijapitishwa kwenye tundu la mlango, Jocilene aliketi nyuma ya Dona Quitéria kwenye kitanda cha chini, akashika kitana, na huku akimchana nywele zake nyeupe akamkumbusha walipoishia jana.

“Jana tulimwacha Evaristo amefungiwa ghalani.”

“Na ufunguo anao nani?”

“Shemeji yake.”

“Mshenzi yule! Tangu kitabu cha pili mimi sikumpenda. Chana taratibu, binti, hicho ni kichwa si zulia.”

Dona Quitéria hakujua kusoma. Alikuwa na miaka sitini na minane na kosa ambalo hakulitaja, wala hakuna aliyemwuliza. Jocilene alikuwa katika mwaka wake wa tatu gerezani, kwa sababu ya mzigo wa dawa za kulevya wa mumewe uliokutwa chini ya jiko. Mume alikimbia; jiko na mwenye jiko wakabaki. Selo yao ilikuwa na vitanda vinane na wanawake kumi na wawili, na dirisha lililoonyesha kipande cha ukuta na, juu ya ukuta, kipande cha mbingu ya Paraíba, kaskazini-mashariki ya Brazili, isiyojua mvua.

Kusoma kulikuwa na faida yake. Kitabu kimoja kwa mwezi. Ijumaa ya mwisho unaingia darasani bila kitabu, unaandika ulichokisoma na unachokifikiria. Walimu wa chuo kikuu wakiridhika, hakimu anakukatia siku nne za kifungo. Wasiporidhika, huna kitu.

Vitabu vyenyewe vilijaa rafu mbili kwenye korido, na wanawake walivigawa katika makundi mawili. Vile vya mfululizo, vinavyofuata watu walewale kutoka kitabu hadi kitabu, waliviita ukoo. Vile vinavyoanza na kumalizika peke yao waliviita mayatima. Kila mtu alitaka ukoo. Ukishaingia, hujuani na watu upya kila mwezi. Unawakuta pale ulipowaacha, na ugomvi wao unaujua. Isitoshe, karatasi za vitabu zilikuwa na kazi nyingine. Aliyekosa karatasi ya kusokotea tumbaku alianza kuchana kutoka nyuma, kwa hoja kwamba aliyefika mwisho hauhitaji tena. Ukoo ulistahimili hilo. Mwisho wa kitabu cha tatu ulipovutwa, cha nne kilianza kwa kueleza nani alikufa na nani aliolewa. Yatima akichanwa mwisho, basi.

Jocilene alikuwa ameshika ukoo wa vitabu saba vyenye majalada ya kijani, habari za familia moja ya wauza ngozi na mashamba waliyodhulumiana. Miezi sita, vitabu sita, siku ishirini na nne. Sasa ulikuwa mwezi wa Mei na tarehe yake ya kutoka ilisomeka ishirini na sita Juni. Akipata siku nne za Mei, angetoka tarehe ishirini na mbili. Na tarehe ishirini na tatu, mkesha wa Mtakatifu Yohana, binti yake Maysa, mwenye miaka tisa, angekuwa bibi harusi wa kuigiza katika ngoma ya shule.

Maysa alikuwa amemwandikia. “Mama, nguo ina marinda matatu na Bibi amenishonea kofia ya shela. Mahindi ya kuchoma yatakuwepo. Bibi amesema nisikuulize kama utakuja, kwa hiyo sikuulizi.”

Jocilene aliikunjua barua hiyo akaisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote.

Ila kitabu cha saba hakikuwepo. Alikuwa nacho mwanamke wa selo ya sita.

“Gleide, kimerudi?” alimwuliza kila siku yule mwenzao wa selo aliyesukuma kitoroli cha vitabu.

“Hakijarudi, shoga. Chukua kingine.”

“Nitasubiri.”

“Utasubiri mpaka uote mizizi. Mei ina siku thelathini na moja tu, hata kwa wafungwa.”

Lakini alisubiri. Ukoo ndivyo ulivyo: haukuachii uende. Evaristo alikuwa ghalani, moto ulikwisha washwa nyuma ya nyumba, na Jocilene hakuweza kumpa mgongo aende kuanza habari za watu asiowajua. Zikapita siku tisa. Asubuhi ya kumi Gleide alisimama na kitoroli chake, mikono kiunoni.

“Yule dada kahamishwa. Kaondoka na mfuko wake, na kitabu kimo mfukoni.”

“Kahamishiwa wapi?”

“Yeye mwenyewe hawakumwambia, waniambie mimi?”

Dona Quitéria alijipiga paja. “Kwa hiyo Evaristo anaungua au haungui?”

“Hatutajua, bibi,” alisema Jocilene.

“Yaani miezi sita nimelishwa supu, nyama imehamishwa!”

Selo nzima ilicheka isipokuwa Jocilene. Alikuwa anahesabu. Akanyoosha mkono akachukua kitabu kilichokuwa juu kabisa kwenye kitoroli, chembamba, jalada la rangi ya udongo. Yatima.

Kilihusu mwanamke aitwaye Lourença, mlinzi wa kizuizi cha reli katika mji ambao treni ziliacha kupita. Kila siku, saa ileile ya zamani, alikwenda kukishusha kile kizuizi, akasimama, akakipandisha tena. Watu walimcheka, kisha wakachoka kumcheka. Hayo tu. Jocilene alikisoma kwa sauti baada ya chakula cha mchana, joto likiwa limewalaza wote, na ukurasa wa kumi haukuwa na kitu ambacho ukurasa wa tano haukuwa nacho.

“Huyu mtu hana shemeji?” aliuliza Dona Quitéria.

“Hana.”

“Hata jirani wa kugombana naye?”

“Hana, bibi.”

“Basi rudisha. Kukaa bure tunakujua sisi, hatuhitaji kusomewa.”

Hakuweza kurudisha. Alisoma kwa hasira, kama mtu anayefua nguo za mwingine. Kwenye ukoo wa kijani alikuwa anainua kichwa na kukuta jua limeshavuka dirisha bila yeye kujua. Hapa alilijua jua lilipo kila dakika. Sentensi zilikuwa fupi, na baada ya kila sentensi alisikia bomba la choo likidondosha maji, Gleide akijikuna, funguo za askari zikipita. Akafika ukurasa wa mia na thelathini. Ikaja barua kutoka shirika la reli. Lourença aliiweka mezani siku mbili. Ukurasa wa mia na arobaini na moja akaichana bahasha.

Jocilene alifunua. Baada ya hapo lilikuwa jalada.

Alipitisha kidole kwenye mshono. Vipande vya karatasi vilivyobaki vilikuwa vimechanika wima, vinane au tisa.

“Endelea,” alisema Dona Quitéria.

“Zimevutwa.”

“Zote?”

“Zote.”

Akakirudia kitabu kizima kutoka mwanzo, labda mwisho ulijificha mahali fulani katikati. Haukuwamo. Akamwomba Gleide aulize selo kwa selo kama kuna aliyekisoma. Hakuna.

“Sikiliza,” alisema Gleide, siku moja kabla ya Ijumaa. “Malizia mwenyewe. Yatima wote wana mwisho wa aina mbili, harusi au maiti. Wewe mwozeshe.”

“Aolewe na nani?”

“Dereva wa treni.”

“Treni haipiti, kichwa maji wee!” alisema Dona Quitéria. “Muue. Mwanamke yule hana nafasi ya mume.”

“Ukimuua,” alisema Gleide, “mwalimu atauliza kafa kwa nini. Harusi haiulizwi kwa nini.”

“Na wakijua nimetunga?” aliuliza Jocilene.

“Wakijua, hupati siku nne. Usipoandika mwisho, hupati siku nne. Sasa kipi kinakupa nafasi?”

Ijumaa aliingia darasani, akaandika kurasa mbili vizuri, akafika kwenye bahasha. Akaandika: Lourença aliolewa. Akamwona na shela kichwani, amesimama kando ya reli. Hakumsadiki. Akafuta mstari huo kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka, akaandika chini yake: Kitabu nilichopewa kinaishia ukurasa wa 141. Bahasha imefunguliwa. Zaidi ya hapo sina.

Alipotoka, Gleide alimsoma usoni. “Wee mwanamke! Marinda matatu, na wewe unaona haya kumwozesha mtu wa kwenye karatasi?”

Jocilene hakulala vizuri siku zile wala hakula vizuri.

Jumanne aliitwa. Mezani waliketi watu wawili. Profesa Adalgisa, mwenye miwani na mhuri, alikuwa mkuu. Kando yake alikaa Tainara, mwanafunzi wa fasihi aliyekuja kusaidia kusahihisha, msichana aliyezungumza akiangalia vidole vyake mwenyewe.

“Kanuni inasema kitabu kizima,” alisema Profesa. “Hiki si kizima.”

“Si mimi niliyekichana, mwalimu.”

“Sikusema ni wewe. Nasema nitajuaje umekisoma, na si kusimuliwa na wenzako? Aliyesimuliwa naye hajui mwisho.”

“Ndiyo, mwalimu.”

“Tainara, wewe ndiye umesahihisha. Muulize swali moja. Tukiona hakusoma, tumemaliza.”

Jocilene alishika kiti chake kwa mikono miwili. Alijua litakuwa swali la bahasha. Tainara aligeuza karatasi, akairudisha ilivyokuwa, uso umemwiva.

“Umesoma vile vya kijani sita,” alisema polepole. “Na hiki kimoja. Ulipenda vipi zaidi?”

Profesa alimgeukia, lakini swali lilikwisha toka.

Jocilene aliliangalia kama mtu anayeangalia mlango asioujua unafunguka upande gani. Akikisifu hiki, watasema anajipendekeza. Akisifu vile, watasema hiki hakukishika kabisa. Alitafuta jibu wanalolitaka usoni mwa Profesa, akakuta miwani. Kwa msichana akakuta vidole. Mhuri ulikuwa juu ya karatasi yake, umelala ubavu. Akaona kwamba hakuna jibu la kumsaidia, na kwa kuwa hakuna, akatoa lile alilokuwa nalo. Lilimpatia siku zake nne, kwa kuwa aliyesimuliwa tu asingeweza kulitoa, ingawa alilisema akiamini linamnyima.

“Vile vya kijani, mwalimu. Vilinipitishia siku. Hiki hakikunipitishia hata moja. Kila nilipokisoma nilijua kabisa niko wapi.”