Kengele ya Fundi Baiskeli

Pale sokoni Katumba yupo fundi baiskeli anayezungusha gurudumu huku amelitegea sikio, kama mtu anayesikiliza mgonjwa akipumua. Ringi ikiyumba kidogo tu, hata uwe na haraka vipi, hakupi baiskeli yako. "Bado inacheza," anasema, anakaza spoki nyingine, na wewe nuna utakavyo. Baiskeli yake mwenyewe ina kengele kubwa inayong'aa, lakini yeye haipigi kamwe; akikuta watu njiani anasema kwa sauti ndogo, "Naomba njia, jamani." Kila mwaka tumbaku ikishauzwa, ananawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, anavaa shati jeupe, anakwenda benki Mpanda kuuliza swali lilelile. Kila mwaka anajibiwa kwamba ule mkopo wake wa zamani alishaumaliza, ila kule kuchelewesha marejesho bado kunaonekana kwenye taarifa zake za mikopo mpaka miaka iliyowekwa ipite. Anashukuru, anarudi kwenye spoki.

Mwaka huu nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Dada wa dirishani aliangalia kompyuta, akaangalia tena. "Baba, ile rekodi ya kuchelewesha haionekani tena. Uko safi."

"Sema kwa sauti, mwanangu. Na hawa wasikie."

Dada akarudia, foleni nzima ikapiga makofi. "Haya, sasa unataka kukopa shilingi ngapi?"

"Kukopa?" Fundi akacheka mpaka akajishika kiuno. "Nilifuata jina langu tu."

Akatoka, akapanda baiskeli, akapiga kengele mtaa mzima, na barabara ilikuwa nyeupe, hakuna hata kuku wa kumpisha.