Nilipokuwa Mwenyeji wa Darasa Zima

Kabla basi halijavuka hata mpaka wa Namanga nilikuwa nimeshachoka. Nilikuwa Mtanzania pekee darasani, kwenye chuo cha sanaa Nairobi, na mwalimu wetu alipotangaza kuwa wikiendi ile ndefu tunaenda Dar es Salaam kuchora mitaa, darasa zima likageuka kuniangalia kana kwamba jiji lile ni la baba yangu. "Wewe ndiye mwenyeji," mwalimu akasema, na hapo ndipo nilipoponzeka. Kwetu ukiitwa mwenyeji hujapewa cheo, umepewa mzigo. Mgeni akishinda njaa ni aibu yako, akipotea ni aibu yako, akiumwa tumbo kwa ulafi wake mwenyewe bado aibu ni yako.

Na mimi nilikuwa na shida yangu. Baba ana duka la vyombo Kariakoo, ndoo, masufuria, chupa za chai, jumla na rejareja. Mama miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, hawezi tena kusimama dukani, na baba alishanipigia simu: "Mwaka huu ukiisha, mama," maana mimi binti yake huniita mama, "rudi nyumbani tusaidiane." Mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja baada ya huo. Jambo kama hilo sikutaka kulimaliza kwenye simu, maana baba kwenye simu hupiga kelele kama anamwita mtu ng'ambo ya barabara, halafu anakata. Nilitaka nikae naye uso kwa uso, hata kidogo tu, nimwombe huo mwaka. Ndiyo maana uenyeji niliukubali bila kubisha.

Weee! Sikujua naingia wapi. Tulifika Ijumaa tumechakaa, na gesti niliyowatafutia feni hazizunguki. Nikagombana na mtu wa mapokezi, nikahamisha watu vyumba, nikanunua maji, nikatafuta dawa ya mbu. Jumamosi asubuhi tukaenda soko la samaki la Feri, wakachora wavuvi na wakaanga samaki, na mwenzetu mmoja, dada mrefu kutoka Kisumu, akanilalamikia mimi kwamba samaki wetu tunawakaanga mpaka wanakuwa mbao. Kwani nimewakaanga mimi? Nikacheka, nikaenda kumtafutia ndimu.

Kariakoo ndiyo ilikuwa shughuli. Wanafunzi wa sanaa wanapenda kukaa chini popote, wafungue karatasi, watazame watu kwa macho makavu. Kwa machinga aliyetandaza bidhaa zake kando ya barabara, mtu anayemwangalia na kuandika-andika ni mtu wa jiji aliyekuja kumhamisha. Basi kila tulipokaa nilianza upya. "Shikamoo mama, samahani, hawa ni wanafunzi, wanachora tu."

"Wanachora ili iweje?"

"Wanajifunza, mama."

"Wakajifunzie kwao. Leo wanachora, kesho tunavunjiwa meza."

Nikabembeleza, nikanunua soksi nisizozihitaji ili watu watulie. Wengine walikubali, wengine walitufukuza. Nyuma yetu wabeba mizigo wanapiga mayowe tuwapishe, spika za madukani zinarudia bei zile zile, jua la saa saba limetukalia utosini, na mwalimu ananiuliza, hivi choo kiko wapi? Nikampeleka mwalimu chooni. Niliporudi, wawili walikuwa wamepotelea Mtaa wa Kongo, nikaenda kuwatafuta.

Alasiri ndipo nikawafikisha dukani kwa baba. Nilikuwa nimewafundisha tangu kwenye basi kwamba mtu mzima haambiwi "sasa" kama vijana wa Nairobi wanavyosalimiana, kwa hiyo waliimba wote kwa pamoja, "Shikamoo mzee!" Baba akacheka mpaka akakohoa. Akawatolea ndoo mpya za dukani, akazipindua, akawaambia wakae. Akaagiza soda. Kisha akasimama mlangoni kwake na kalamu sikioni, akauza, akabishana na wateja, na wale wakamchora.

Nikasema sasa ndiyo nafasi yangu. Lakini huyu anataka kuchaji simu, yule soda yake haina baridi, mwingine anataka nimuulize mzee alikuja Dar lini kutoka Kilimanjaro. Dada wa Kisumu tumbo likamkata, nikampeleka duka la dawa, nikasimama naye foleni. Niliporudi jua limelegea na majirani wameanza kushusha milango ya maduka yao.

Baba alikuwa anapitia michoro, karatasi moja moja, kama anavyokagua mzigo unaposhushwa. Alisifia tumbo lake lilivyopunguzwa kwenye karatasi. Kisha akaniuliza, "Na ya kwako iko wapi?"

"Sijachora, baba. Nilikuwa nahudumia wageni."

"Toka asubuhi?"

"Toka jana."

Akaiweka michoro chini. "Sasa mama, kama kazi ni kuhudumia watu, kuna haja gani ya kwenda mpaka Nairobi? Hapa watu wapo."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Maneno yangu yote, yale niliyoyapanga njia nzima kwenye basi, yakanipotea. Na nilikasirika jamani, nilikasirika kweli. Nani aliyenifundisha kwamba wageni wakija, watoto tunahamia kwenye mkeka na tunakula wao wakishashiba? Nikamjibu kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia mbele yake: "Si nyie mlionilea hivi?"

Wenzangu wakageuka kututazama. Baba akaitoa ile kalamu sikioni, akaiweka mezani.

"Haya," akasema. "Kaa uchore."

Nikavuta ndoo. Wakati huo huo mwalimu akaniuliza tutakula wapi jioni, na kwa mara ya kwanza wikiendi ile nikamwambia aulize mtaani, watu wapo. Baba akasimama wima kama anayepigwa picha ya pasipoti. Mkono wangu ulikuwa mzito, macho yananiuma kwa jasho, nachora nafuta, nachora nafuta. Nikaona nisipolisema sasa sitalisema tena.

"Baba, naomba mwaka mmoja nimalize."

"Usiongee. Chora."

Nikachora. Ulikuwa mchoro mbaya, sitaki kuupamba. Nilijua hivyo kabla sijampa, na nilijua ameshaona ya wenzangu. Aliishika karatasi mbali na macho yake, akaisogeza, akaipeleka mbali tena.

"Hii pua si yangu."

"Ndiyo, baba."

"Na huu mkono? Nimevunjika?"

Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nasubiri hukumu. Nilishaanza kujiona nimesimama pale mlangoni, nauza masufuria, mwaka baada ya mwaka, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata hilo nilikuwa karibu kulikubali.

"Bado hujajua," baba akasema.

"Bado, baba."

"Yaani hawa wote wanakushinda."

"Wananishinda."

Akaikunja karatasi taratibu, akaitia mfukoni mwa shati. "Basi huwezi kurudi hivyo. Mimi sijawahi kuuza kitu cha nusu nusu hapa dukani, nitaanzia kwa mwanangu? Nenda ukamalize."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Na mama je?"

"Mama yako ana mume," akasema. "Nenda."

Nikalia pale pale juu ya ndoo, mbele ya darasa zima, na nadhani nililia zaidi kwa uchovu kuliko kwa furaha. Baba hakunibembeleza. Aliwaomba wageni wainuke kwenye ndoo zake, akaanza kuziingiza ndani.