Sunnuva na Kidirisha Kinachojisogeza

Kama kuna mtu ninayepaswa kumshukuru hapa Tórshavn, mji wetu wa visiwani, hata kabla ya mama aliyenizaa, ni Sunnuva við Gil. Mama yangu anajua, na ameniruhusu niliandike hili.

Sunnuva ana miaka sitini na mbili. Kwa miaka ishirini na nane amekokotoa mikondo ya bahari katika ofisi yetu ndogo, ili wapiga mbizi wanaokagua nyavu za kufugia samaki wajue ni dakika gani maji hutulia. Na muda wote huo amekuwa akifuma sweta. Kikaoni anafuma, kwenye simu anafuma. Hesabu moja huchukua saa kumi na nane kwenye mashine kubwa iliyo ghorofa ya chini, na matokeo yake hutiririka mstari kwa mstari katika kidirisha kilicho ndani ya programu yetu ya kuandikia. Zamani ilibidi ubonyeze kitufe kila mara ili uuone mstari mpya. Sunnuva alichoka kuangusha vitanzi vya sufu, akaandika mistari sita ya maelekezo, na tangu hapo kidirisha kinajisogeza chenyewe. Yeye hutupa jicho tu.

Mimi nilikuwa mwoka mikate mpaka nilipofikisha miaka arobaini. Subira sina, na wala sifichi.

Alhamisi moja ya Machi, ndugu yangu Rói alikuwa apige mbizi. Jedwali la zamani lilisema maji yatatulia saa sita na nusu mchana. Lakini sakafu ya bahari ilikuwa imepimwa upya, na tangu jana yake jioni tulikuwa tukikokotoa jedwali jipya. Nilimwomba Rói alingoje.

"Likija nitalitumia," alisema. "Lisipokuja, la zamani halijaniua bado."

Saa tatu asubuhi nilipandisha kishale hadi juu ya kidirisha, nisome onyo moja lililonitia shaka. Halikuwa na uzito. Nikakaa nikitazama. Saa tatu na nusu, hakuna mstari mpya. Saa nne kasorobo, kimya vilevile. Nikaona mashine imekwama. Nikaandika amri ya kuiua kazi ile, ili niendeshe hesabu fupi ya kukisia kabla mashua ya Rói haijaondoka saa tano.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe Sunnuva alipoingia na kahawa yake, mfuko wa sufu begani.

"Unamuua nani?"

"Imekufa yenyewe, Mama Sunnuva. Dakika arobaini na tano haijasema neno."

"Imekuambia imekufa?"

"Si unaona mwenyewe?"

"Ninachoona ni kishale chako kimekaa kule juu kama paka aliyepanda paa. Kishushe."

"Mpaka wapi?"

"Chini kabisa, baba. Mstari wa mwisho."

Nikakishusha. Mistari ikamiminika mbele yangu, mamia kwa mamia. Kazi ilikuwa nzima muda wote, imebakiza asilimia sita.

"Nilikiandika hivyo makusudi," alisema akitoa sindano zake. "Ukiwa chini, kinafuata mstari mpya. Ukipanda, kinajua unasoma, kinakungoja. Mtu humnyang'anyi ukurasa anaousoma."

"Si ungeniambia."

"Si ungeuliza. Ninyi waoka mikate mnafungua tanuri kwanza."

Akaanza kufuma. Mimi nilikaa na mikono mapajani, sigusi kitu.

Jedwali lilitoka saa tano kasoro dakika nane. Maji yangetulia saa sita na dakika tano. Nilimpigia Rói papo hapo. Ilipofika saa sita na nusu alikuwa ameshapiga mbizi na kurudi mashuani, na supu mkononi, akitazama mkondo ukilivuta boya mpaka likazama. Aliniambia hakuimaliza supu ile.

Jumatatu alikuja ofisini na paja la kondoo lililokaushwa kwa upepo. Rói si msemaji. Aliliweka mezani kwa Sunnuva, akasema, "Asante," akageuka aondoke.

"Wewe, hebu simama. Nyoosha mkono."

Sunnuva akatoa mfukoni mkono mmoja wa sweta, wa kijivu, umekamilika. Niliutambua. Ndio aliokuwa akiufuma Alhamisi ile kando yangu, mistari ikishuka, kabla yeyote kati yetu hajajua kama Rói atarudi. Alikuwa amekadiria urefu kwa kuutazama mkono wangu.

Ulimtosha.