Kipimo Kirefu cha Mjomba

Harufu ya mafuta ya taa na moshi wa korosho zinazochomwa ndiyo iliyojaa ua wa mjomba wangu, Newala, nilipokuwa darasa la nne. Biashara ya korosho ilikuwa imefunguliwa. Wanunuzi binafsi walipanda mlima na malori yao, na watu wakarudi kupalilia mikorosho waliyoitelekeza tangu walipohamishiwa vijijini. Lakini katika mapori yale nguruwe walikuwa wameshajifanyia makao. Kwa hiyo wenye bunduki na vibali walimjia Mjomba, fundi wa bunduki aliyejulikana kutoka kwetu hadi Masasi. Mimi, binti wa dada yake, nisiyetulia darasani, nilishinda karakanani kwake nikiuliza hiki ni nini na kile ni cha nini, naye alinijibu kila swali.

Siku moja jirani yetu, Baba Saidi, alileta bunduki ambayo mtutu wake umeliwa na kutu. Mjomba alihangaika siku tatu kuufunga mwingine. Alinieleza kwamba mtutu ukibadilishwa lazima ipimwe nafasi inapokaa risasi, kwani ikizidi, ganda la risasi hupasuka na moto humrudia mpigaji usoni. Alikuwa na vipande viwili vya chuma vyenye umbo la risasi. "Ukiweka kifupi, komeo la bunduki nyuma yake lifunge. Ukiweka kirefu, likatae. Likikubali vyote viwili, hiyo si bunduki, ni kaburi." Kazi yangu ilikuwa kuvifuta kabla hajapima, kwa sababu hata uchafu mwembamba kama ukucha ungesema uongo.

Kipimo kirefu kilikuwa kizito, kitako chake bapa, na sikuwahi kupata kitu kinachobangua korosho vizuri kuliko hicho. Asubuhi ya kupima bunduki ya Baba Saidi nilikuwa jikoni nikigongea korosho za moto. Mafuta ya maganda, yale yaliyobabua midomo ya kila mtoto wa kwetu, yakagandia kitakoni, meusi na magumu kama rangi ya mlango. Nikasugua kwa upindo wa gauni, hayakutoka. Mjomba akaita.

"Umefuta, Zuhura?"

"Nimefuta, Mjomba."

Akaweka kifupi, komeo likafunga. Akaweka kirefu, likagoma. "Umeona? Limekataa kama bi harusi!" Baba Saidi, aliyekuja kuichukua, akacheka, "Na wewe ndiye kungwi wake, fundi!" Mimi nilijua kinachokataa ni ule weusi. Lakini ningesema, ningefukuzwa karakanani, mahali pekee palipojibu maswali yangu. Nikanyamaza.

Siku ya pili yake Baba Saidi alimpiga nguruwe risasi shambani, moto ukamrudia usoni, akapoteza jicho la kulia. Walimteremsha hadi hospitali ya Mkomaindo, Masasi, kanga ya mkewe imefungwa kichwani. Wakati kijiji kizima kimekwenda kumsindikiza, nililoweka kipimo katika mafuta ya taa, nikakikwangua kwa kisu mpaka kikang'aa. Ndiyo maana Mjomba alipoletewa bunduki na kuipima upya, komeo lilifunga kwa vyote viwili. Alirudia mara tano, sita. Kisha akamwambia mama, "Dada, macho yangu yameharibika. Juzi niliona kisichokuwepo." Alikuwa hajafika miaka arobaini. Baba Saidi aliporudi alimpa mkono: "Ajali haina kinga, fundi." Mjomba aliupokea akitazama chini. Aligawa zana zake, akawa kibarua wa kupalilia mikorosho ya watu.

Nami sikukaa mahali. Niliacha shule, nikapalilia Lulindi, nikakaanga vitumbua Chidya, nikauza mitumba Masasi, na kila watu walipoanza kunikabidhi funguo zao, nilifunga mzigo nikaondoka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinichukua zaidi ya miaka ishirini hadi mwaka jana, niliposimama mlangoni kwa Mjomba.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nilimweleza yote: korosho, kitako, kisu. Baba Saidi alikuwa ameshakufa. Mjomba alinisikiliza uso ameuelekeza pembeni yangu kidogo, kwa maana mtoto wa jicho amekwisha kumfunika kote kuwili.

"Kumbe siku ile niliona sawasawa?"

"Uliona sawasawa, Mjomba."

Mjomba wa leo haoni hata mkono wake mwenyewe. Yule wa wakati ule aliona vizuri kuliko mtu yeyote Newala, na mimi ndiye niliyemwacha aamini kwamba ni kipofu.